Mchoro wa tripanozomi: kile tulichokariri na kile kilichobaki nje

Leo siandiki juu ya konkuru wala juu ya mishahara. Nataka kukosoa kitu kidogo ambacho sote tulikibeba toka auditwari mpaka nyumbani bila kukiuliza hata swali moja. Kitu chenyewe ni mchoro.

Unaujua. Kila aliyesoma agronomia, veterineri ao udaktari aliuchora angalau mara moja, kwa penseli, ndani ya kaye. Unaweka viduara nane ao kumi, hizo ni chembe nyekundu za damu. Katikati yao unaweka mdudu mwembamba aliyejikunja kama nyoka anayeogelea. Mshale wa kwanza: kiini. Wa pili: kinetoplasti. Wa tatu: utando unaotikisika. Wa nne: mjeledi. Chini unaandika Trypanosoma, unapiga mstari kwa rula, unapeleka kwa asistanti. Mimi nilipata nane juu ya kumi. Zile mbili zilienda juu mjeledi wangu ulikuwa mfupi. Mukumbuke huo mjeledi, nitaurudilia.

Hoja yangu ni hii: mchoro ule unatuonyesha mwili wa mdudu na unatuficha ngozi yake. Na kumbe kwenye ngozi njo kazi yote inafanyika. Kosa hilo halibaki ndani ya kaye. Linatoka nje, linaenda mpaka kwenye zizi la mtu.

Alunguli

Mama mkubwa wangu anakaa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Mtu wa Kindu anajua: unashuka bandarini, unapanda mtumbwi, unavuka. Alikuwa na mbuzi sita. Kwake mbuzi si nyama ya sikukuu. Mbuzi ni minervali ya watoto, ni dawa ya hospitali, ni banki yake.

Siku moja akaniita. "Mwana yangu, weye ni injenieri. Hii mbuzi iko inakula vizuri, lakini iko inakauka tu. Juu ya nini?"

Nilifungua jicho la mbuzi kama tulivyofundishwa, nikavuta kope ya chini. Nyeupe kama karatasi. Nikajibu na uhakika wa mtu mwenye lisansi: "Mama, ni minyoo. Minyoo njo inakunywa damu yake." Tukanunua albendazoli, tukanyweshea wote sita.

Baada ya wiki tatu mbuzi yule akafa, na wa pili akaanza kukauka. Nikamwita rafiki wa veterineri. Akachukua damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo, akapaka kwenye kioo, akaangalia kwa mikroskopu. Hakuna kitu. Tukasema: basi si tripanozomi. Mama mkubwa akatuangalia sisi wawili, akasema kwa upole: "Sasa, kama minyoo mulishatoa, na mdudu wa damu hayuko, nani iko anakunywa damu ya mbuzi yangu?"

Hatukuwa na jibu. Mbuzi wa pili akafa. Ni wa tatu njo tulimpima vizuri, na tripanozomi akaonekana, mmoja mmoja, wachache sana. Nitaeleza tulivyompima. Lakini kwanza, swali la mama lilikuwa zuri kuliko jibu letu, juu lilionyesha pale mchoro wetu ulipotudanganya. Sisi tulitafuta mnywaji. Mnywaji hakuweko.

Mchoro una wema wake

Mtu anayekosoa aanze na haki. Mchoro ule si uongo. Ni picha ya kile ambacho mikroskopu ya kawaida inaonyesha ukipaka damu rangi ya Giemsa. Unakufundisha kutambua, na fundi wa labo anayetambua vizuri anaokoa watu. Timu zilizokuwa zinapita kijiji kwa kijiji kutafuta malale zilihitaji macho yaliyozoea umbo hilo. Mwaka 1998 nchi yetu ilihesabu wagonjwa wa malale zaidi ya 26,000 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2018 dunia nzima haikufikisha 1,000. Katika kazi hiyo mikroskopu ilikuwa na sehemu yake, na mimi siwezi kuidharau.

Lakini tuseme ukweli: mchoro wetu una umri. Mwaka 1904, pale Léopoldville, daktari Mbelgiji Alphonse Broden alimweleza tripanozomi mpya, na akapewa jina la nchi yetu: Trypanosoma congolense. Huyu ni mmoja wa wale wanaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo katika Afrika ya kitropiki, pamoja na ndugu yake T. vivax. Sasa kamata mchoro wako ulinganishe. Ule mjeledi mrefu unaotoka mbele na ule utando mkubwa unaotikisika ni vya T. brucei. T. congolense ni mfupi, utando wake hauonekani sana, na mjeledi wake hautoki nje ya mwili. Maana yake nini? Mdudu mwenye jina la Kongo hayumo ndani ya mchoro tuliokariri Kongo. Na mimi niliyenyang'anywa pointi mbili juu ya mjeledi mfupi, nilikuwa nimekaribia ukweli bila kujua.

Hilo ni kosa la kwanza, na ni dogo. La pili njo zito.

Ngozi isiyochorwa

Mwaka 1969 Keith Vickerman, mtafiti wa Uingereza, alitumia mikroskopu ya elektroni na kueleza koti linalofunika mwili wote wa tripanozomi wa damu. Koti lenyewe ni protini zilizosongamana, karibu milioni kumi za aina moja juu ya mdudu mmoja. Baadaye ikajulikana kwamba mdudu ana jeni zaidi ya elfu moja za kutengeneza makoti mbalimbali, na anabadilisha. Mwili ukijifunza koti la kwanza, wachache tayari wamevaa la pili. Ni hapo unaelewa kwa nini mpaka leo hakuna chanjo ya malale.

Koti tunalitaja darasani, ndiyo, kwa sentensi moja. Lakini kwenye mchoro hatulichori. Mdudu anabaki na mstari mmoja wa penseli kama mpaka wake, na viduara vya damu vinabaki na mstari mmoja pia. Mistari miwili laini, isiyogusana. Mwanafunzi anatoka akijua kwamba mdudu yuko kati ya chembe. Hajui mdudu anafanya nini na chembe.

Haya, tuchore tena, polepole.

Juu ya ngozi ya kila chembe nyekundu kuna kama msitu wa sukari ndogo ndogo. Kwenye ncha za nyingi ya sukari hizo imekaa moja ya pekee, yenye chaji hasi, inaitwa asidi ya sialiki. Ina kazi. Kwanza, juu ya chaji hiyo chembe zinasukumana, hazigandani. Pili, inawaambia walinzi wa mwili: huyu ni wa hapa, mwacheni apite. Chembe inapozeeka, inapoteza sehemu ya asidi hiyo, na sukari iliyokuwa chini yake, galaktozi, inabaki uchi. Makrofaji, zile chembe kubwa za ulinzi zilizo kwenye ini na bandama, zinaiona, zinaikamata, zinaimeza. Ni usafi wa kila siku wa damu.

Sasa mlete tripanozomi. Yeye hawezi kutengeneza asidi ya sialiki. Lakini ana enzimu zinazoikata kwa wengine, na nyingine zimesimikwa kwenye ngozi yake. Zinaitwa sialidasi, na aina ya pekee inaitwa transi-sialidasi. Hii ya mwisho inafanya kazi mbili kwa pigo moja: inakata asidi ya sialiki hapa, inaipachika kwenye galaktozi nyingine pale. Kama hakuna pa kuipachika, inaikata tu na kuiachilia.

Mwaka 2012 kikundi cha watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, kilichapisha kazi juu ya T. congolense. Walionyesha kwamba enzimu hizo zina sehemu kubwa katika upungufu wa damu: chembe nyekundu zinanyolewa asidi yao ya sialiki wakati wa ugonjwa. Mwaka 2013 ikatoka kazi ya T. vivax, yenye kuonyesha mwisho wa njia: chembe zilizonyolewa zinamezwa na makrofaji.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Ni makrofaji ya mnyama mwenyewe. Chembe bado kijana, imepewa sura ya mzee, na walinzi wa nyumbani wanaiondoa kwa uaminifu wote.

Kwa hiyo swali la mama mkubwa, "nani iko anakunywa damu?", jibu lake ni: hakuna anayekunywa. Tripanozomi hana mdomo wa kunywa chembe nyekundu. Anabadilisha alama juu ya chembe, na mwili wenyewe unamaliza kazi. Si sababu pekee, naweka wazi. Mwili uliowaka kwa ugonjwa wa muda mrefu unameza chembe zaidi kuliko kawaida, na uboho wa mifupa unachoka kutengeneza nyingine. Lakini hakuna hata moja ya sababu hizo inayofanana na "mdudu anakunywa damu".

Kadi ya uchaguzi

Mifano tuliyopewa chuoni ni miwili: mwizi anayevunja mlango, ao ufunguo ndani ya kufuli. Yote miwili inashindwa hapa. Tripanozomi wetu wa Afrika anabaki nje ya chembe, anaogelea kwenye damu. Havunji mlango wala hafungui kufuli.

Mimi najaribu mfano wa kwetu. Munajua kwetu kadi ya uchaguzi si ya kuchagulia tu. Njo kitambulisho. Kwenye barieri unaonyesha hiyo. Sasa fikiri kuna mtu anapita sokoni, hakupigi, hakutukani, anachomoa kadi yako tu mfukoni. Unafika barieri huna kitu. Askari hana ubaya nawe, anafuata amri: asiye na kadi, pembeni. Jioni soko limebaki tupu, na ukiuliza nani ameondoa watu, utaambiwa ni askari. Aliyechomoa kadi hakugusa mtu.

Ukimtafuta mwenye kosa kwa kuhesabu watu wenye fimbo, hutampata. Na wala hahitaji kuwa wengi. Hapo njo tulipoanguka na kioo chetu: tuliona wadudu hawaonekani, tukasema hawapo. Ugonjwa wa T. congolense ukishakuwa wa muda mrefu, wadudu wanaweza kuwa wachache kabisa kwenye damu na upungufu wa damu ukaendelea.

Lakini mimi ninayekosoa mifano ya wengine, nikosoe na wa kwangu. Mfano huu unakaribisha mtu aulize: huyo mwizi wa kadi, anaivaa mwenyewe? Jibu linategemea yuko wapi. Ndani ya tumbo la mbung'o, ndiyo. Mdudu akinyonywa pamoja na damu, analivua koti lake la zamani, na enzimu nyingine za kwenye ngozi yake njo zinalikata. Anavaa koti jipya la protini nyingine, kisha transi-sialidasi inapachika juu yake asidi ya sialiki iliyotoka kwenye damu ya mnyama. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba tripanozomi asiye na asidi hiyo juu yake anashindwa kujiimarisha ndani ya mbung'o. Na kule Amerika ya Kusini kuna binamu, T. cruzi, aliyeelezwa na Carlos Chagas wa Brazili mwaka 1909. Yeye anaingia ndani ya chembe za mtu, na transi-sialidasi yake inamsaidia: anachukua asidi ya sialiki ya mwenyeji, anajipaka, anashikamana na chembe, anapita. Lakini kwa mbuzi wa Alunguli, ubaya unaojulikana zaidi ni ule wa kuchomoa. Kuvaa ni hadithi ya mbung'o na ya binamu. Mfano mzuri ni ule unaojua pa kusimama.

Mdudu anayeshika ukuta

Kuna kitu cha tatu ambacho mchoro unaficha, na hiki kinagusa sindano moja kwa moja. Kwenye mchoro, mdudu anaelea katikati, huru. T. congolense hapendi kuelea hivyo. Anajishikiza kwa mjeledi wake kwenye ukuta wa mishipa midogo, na asidi ya sialiki ya chembe za ukuta huo ina sehemu katika kushikana huko. Tena ngozi, tena sukari ile ile.

Maana yake kwa mtu wa zizi: ukichukua damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo unaweza kumkosa, na ukichoma ncha ya sikio, kwenye mishipa midogo, una nafasi zaidi ya kumpata. Hiyo njo tuliyofanya kwa mbuzi wa tatu. Tulichoma sikio, tukajaza mrija mwembamba, tukauzungusha kwenye sentrifuji ya labo moja ya mjini, halafu tukaangalia ule mstari mweupe kati ya chembe nyekundu na maji ya damu, juu tripanozomi anakusanyika hapo. Mrija huo huo ukatupa ematokriti: 17 kwa mia. Mbuzi mzima anakuwa kati ya 22 na 38. Na pale kwenye mstari, wadudu wawili watatu wakicheza. Rafiki yangu hakusema kitu. Alinisukumia mikroskopu tu.

Nilikuwa nimesoma neno "sikio" ndani ya silabisi. Lilikuwa kwenye orodha ya mbinu za kuchukua sampuli, bila sababu. Kitu kisicho na sababu kinasahaulika baada ya mtihani. Kama mchoro ungekuwa na ukuta wa mshipa na mdudu ameung'ang'ania, nisingehitaji kukariri. Mkono wangu ungeenda wenyewe kwenye sikio.

"Enzimu itamsaidia nini mama wa Alunguli?"

Najua wengine munacheka tayari. Rafiki yangu mmoja wa promosyo aliniambia wazi: "Weye unapenda kujitesa. Malale imeshuka kwa timu za vijijini, kwa mitego ya mbung'o, kwa dawa nzuri. Hakuna aliyeinama kwenye kijiji akaanza kueleza sialidasi."

Ana haki, na sitaki kumjibu kwa ujanja. Ni kweli. Na mpaka leo hakuna dawa sokoni inayomzuia tripanozomi kwa kufunga enzimu hiyo. Dawa za mafua zinazofunga enzimu ya jamaa hiyo kwenye virusi hazina nguvu ya maana kwa transi-sialidasi. Mtu akikuambia enzimu hii itamaliza nagana kesho, muulize kesho ya mwaka gani.

Lakini malale ya watu ilikuwa na programu ya taifa, magari, labo za kutembea, fedha za nje. Mbuzi wa mama mkubwa ana nani? Ana mimi, na weye, na yule kijana anayeuza dawa za wanyama kwa rejareja sokoni. Ni sisi njo maelezo. Maelezo yakiwa mabaya, hakuna timu itakayokuja kuyasahihisha.

Na maelezo mabaya yana bei. Ukiamini kwamba kila kope nyeupe ni mnywaji wa damu, utatoa dawa ya minyoo mara mbili, mara tatu, fedha inaisha, minyoo inajifunza dawa. Ukiamini kwamba wadudu wachache ni ugonjwa mdogo, utatoa nusu ya dozi ya tripanosidi, na huyo njo mwalimu mkubwa wa usugu. Kope inakuambia damu imepungua. Haikuambii ameipunguza nani, wala namna gani.

Tena, tusimwonee mnyoo. Yupo anayekunywa kweli. Haemonchus contortus anakaa kwenye tumbo la nne la mbuzi na kondoo, na mmoja anapoteza damu ya mnyama karibu nusu ya sehemu ya kumi ya mililita kwa siku. Wakiwa elfu moja, hiyo ni mililita hamsini kila siku. Hapo "anakunywa" ni neno sahihi kabisa. Basi mbuzi wawili wenye kope nyeupe ile ile wanaweza kuwa na hadithi mbili tofauti, na wengine wana zote mbili pamoja.

Na ni kwa huyo mnywaji njo ninapata jibu la rafiki yangu. Watafiti waliangalia ukuta wa utumbo wa Haemonchus, pale unapogusa damu aliyokunywa. Wakakuta umejaa enzimu za kusaga protini. Wakazichukua kwa minyoo yenyewe, wakatengeneza chanjo. Mnyama anayechanjwa anatengeneza kingamwili, mnyoo anazinywa pamoja na damu, zinashika enzimu kwenye utumbo wake, naye anashindwa kula. Chanjo hiyo inaitwa Barbervax, iliandikishwa Australia mwaka 2014 kwa ajili ya kondoo. Ina mipaka, lazima irudiliwe mara nyingi, na mimi sijaiona Kindu. Lakini ilitoka wapi? Ilitoka kwa mtu aliyeacha kuchora mnyoo kwa mstari mmoja na kuuliza: pale mdudu na mwenyeji wanapogusana, kuna nini?

Mchoro ninaoupendekeza

Wale kati yenu waliobaki chuoni kama asistanti, nawaomba kitu kisichohitaji bajeti. Acheni mchoro wa zamani, wa kutambua. Lakini pembeni yake wekeni wa pili, wa kuelewa. Chembe moja kubwa, na nywele za sukari juu yake, na nukta kwenye ncha. Mdudu mmoja, na koti lake, na makasi madogo kwenye koti. Nukta zinaanguka. Mshale kutoka chembe iliyonyolewa mpaka bandama na ini. Ukuta wa mshipa chini, na mdudu wa pili ameshika. Dakika kumi kwenye ubao. Na kwenye mtihani musiulize "taja sehemu nne za tripanozomi". Ulizeni: "Mbuzi ana ematokriti ya 17, damu ya shingo haina mdudu. Utafanya nini, na kwa nini?"

Mimi nilirudi Alunguli baada ya mbuzi wa tatu kutibiwa. Alichukua muda, lakini kope ikaanza kurudisha rangi. Nilikaa na mama mkubwa kwenye mkeka, nikachukua kijiti, nikachora mchoro mpya kwenye mchanga. Nikamwambia habari ya kadi na barieri. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Sasa ile siku ya kwanza, ulisema ni minyoo. Ulikuwa umeona minyoo?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nimeona kope."

Akatikisa kichwa, akasimama kwenda kuwafungia mbuzi wanne waliobaki. Toka siku ile, mtu akiniita kwa mnyama wake, maneno ninayoyaanza nayo ni mawili: nimeona hiki, sijaona kile.